Siti ya Baiskeli ya Mwinjilisti

Tafakari ya juma. Somo: 1 Samweli 17:38–40

Baiskeli mpya inapotoka dukani, siti yake imewekwa na mtu asiyekujua. Kijana wa duka ameitoa kwenye boksi, ameunga usukani, amekaza magurudumu, kisha akalisukuma bomba la siti mpaka pale mkono ulipochoka, akakaza nati, basi. Hakuuliza kama mpandaji ni mrefu au mfupi, ni baba au mama, anakwenda sokoni hapo jirani au anavuka mbuga nzima kwenda kuhubiri. Hana kosa, kazi yake ni kuuza. Lakini wengi wetu tukishaipokea hivyo tunaipanda hivyo miaka yote, kana kwamba siti ile iliteremka mlimani pamoja na zile mbao mbili za Musa.

Naandika haya katikati ya Kwaresima. Haya ni majuma ambayo kila mimbari inahubiri habari za msalaba, na ni vema ihubiri. Ila kuna jambo sisi wahubiri tunalipita juu juu: watu wetu wengi wanateseka kwa mambo yasiyohusiana kabisa na msalaba. Wanateseka kwa sababu kitu fulani kiliwekwa vibaya, na hakuna aliyewaambia kwamba kinasogezwa. Tukiliita kila linalowauma msalaba, tunawanyima spana.

Kwetu huku Shinyanga, baiskeli ni mguu wa mwinjilisti. Mitaa iko mbali mbali, nchi ni tambarare, na mvua ikinyesha udongo mweusi wa mbuga unakataa gari lakini baiskeli unaweza kuibeba begani. Kwa hiyo sharika huchanga, marafiki huchangia, na siku moja mwinjilisti anakabidhiwa baiskeli mbele ya madhabahu. Mara nyingi ni Phoenix ya Kichina, au Hero au Avon kutoka India: fremu ndefu, tairi za inchi 28, keria nzito nyuma inayoweza kubeba gunia au mgonjwa. Kwaya inaimba, Baba Askofu anaiombea, na mwenyewe anaikokota kutoka kanisani ikiwa bado imevikwa nailoni kwenye fremu na kwenye siti. Nailoni ile ataiacha mpaka jua liivue lenyewe. Ni heshima kwa zawadi.

Mwinjilisti ninayemfikiria ni mtu mfupi wa kimo na mrefu wa uvumilivu. Baada ya kupata baiskeli yake alianza kuchechemea. Akishuka hupita akijishika kiuno, na kwenye kikao husimama ukutani wenzake wakiwa wameketi. Nilipomuuliza, alitabasamu akasema, "Ni msalaba tu, Mchungaji. Kila mtu na wake." Nami nikaliacha jibu hilo lipite, maana ni jibu zuri sana la kikanisa.

Aliyelikamata ni fundi baiskeli. Tulikuwa tumekaa chini ya mwarobaini wake, yeye akiziba tyubu ya mtu, mwinjilisti akaonekana anakuja kwa barabara ya vumbi. Fundi hakuinuka. Alimtazama mpaka akafika, kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mchungaji, huyu mzee anapanda baiskeli ya mtu mwingine."

"Ni yake. Kapewa na Baba Askofu."

"Kapewa, sikatai. Lakini siti si yake. Mtazame kiuno."

Ndipo nami nikaona. Kila alipokanyaga pedali ya kulia, nyonga ilimwagikia kulia. Alipokanyaga ya kushoto, ilimwagikia kushoto. Alikuwa anaitafuta pedali kwa ncha ya vidole, kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Kwa kilomita zote za safari, kiuno chake kilikuwa kinasuguliwa juu ya siti kila pedali inapozunguka. Tulipomwambia, jibu lake lilinifundisha kitu kuhusu kanisa letu. Alisema alidhani ukipewa kitu na Baba Askofu huanzi kukichokonoachokonoa na spana.

Sasa twende kwa Daudi wa somo letu.

Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote wa Israeli, kuanzia mabegani kwenda juu. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinalitaja hilo mapema, sura ya 9, kabla hajatiwa mafuta. Kwa hiyo tunapofika sura ya 17, na mfalme huyo anamvika kijana mchunga kondoo mavazi yake mwenyewe, chapeo ya shaba kichwani na dirii kifuani, msomaji ana ruhusa ya kucheka kidogo. Lakini asimcheke Sauli. Hakumtegea Daudi mtego. Alimpa kilicho bora kabisa alichokuwa nacho, kitu kilichokuwa kimemkinga yeye mwenyewe vitani. Zawadi ilikuwa njema na mtoaji alikuwa na nia njema. Kimo ndicho kilichokuwa cha mwingine.

Daudi naye hakukataa mbio mbio. Alivaa. Akajifunga upanga juu ya mavazi. Akajaribu kutembea. Hatua hiyo ya kati ndiyo naipenda kuliko zote, maana hapo hapo ndipo ukweli hujulikana. Akiwa amesimama, huenda alionekana shujaa. Alipoinua mguu, mambo yakawa mengine. Siti nayo haijulikani dukani. Inajulikana kilomita ya kumi. Basi Daudi akamwambia mfalme wazi kwamba hawezi kwenda na vitu hivyo kwa kuwa hajavizoea, akavivua, akachukua fimbo yake, kombeo lake na mawe yake ya kijitoni. Na Maandiko hayasemi kwamba Sauli alikasirika. Hasira ya Sauli ilikuja sura inayofuata, na ilitokana na nyimbo za wanawake, si chapeo iliyorudishwa.

Wainjilisti wangapi, waalimu wa shule ya Jumapili wangapi, wake wa wachungaji wangapi wamevaa chapeo ya mtu mwingine miaka ishirini kwa sababu waliogopa kumkosea mtoaji?

Fundi alianza kazi. Alimwambia mwinjilisti akae juu ya siti na viatu vile vile anavyosafiria, maana unene wa soli nao unahesabika. Mimi nilishika baiskeli kwa nyuma isiyumbe. Akazungusha pedali ya kushoto mpaka chini kabisa, akamwambia aikanyage kwa kisigino. Kisigino hakikufika, kilibaki kinaning'inia, na kati yake na pedali kulikuwa na nafasi ya kupitisha vidole vitatu. Hapo ndipo kipimo kilipo. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka, bila nyonga kuinamia upande wowote. Ukishasogeza mguu, ukakanyaga kwa ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Huko kukunjika kidogo ndiko kunakolitunza goti.

Bomba halikukubali kushuka. Nati ililegea kwa spana namba 14, lakini bomba lenyewe halikuwa limepakwa grisi tangu kiwandani, na vumbi lilikuwa limeshaingia na kushikana. Fundi aliipiga siti kwa kiganja, akaishika pua na mkia akaizungusha kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka ikatoa mlio mkavu ikaachia. Akalichomoa bomba lote, akalifuta kwa kitambaa, akalipaka grisi, akalirudisha. Akapima tena kwa kisigino. Akashusha kidogo. Akapima tena.

Wanaoshindana Ulaya wana hesabu yao. Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, alieneza kanuni aliyoipata kwa Cyrille Guimard, Mfaransa aliyekuwa anamfundisha: pima mguu kwa ndani, kutoka kinenani hadi sakafuni bila viatu, zidisha kwa 0.883, na jibu ndilo umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki, ile inayopita ndani ya fremu, hadi juu ya siti. Mwenye mguu wa sentimita 80 anapata sentimita 70.6. Kanuni hii na kisigino cha mteja chini ya mwarobaini hukutana karibu mahali pamoja, na zote mbili ni za kuanzia tu. Mwili ndio unaosema neno la mwisho.

Na mwili unasema kwa lugha iliyo wazi kuliko tunavyodhani. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi linalalamikia siti iliyo chini mno. Likiuma kwa nyuma, siti iko juu mno. Mikono ikichoka na viganja kufa ganzi, tazama pua ya siti; huenda imeinama mbele na inakumwaga juu ya usukani. Kwa hiyo fundi mzuri haanzi kwa kuuliza unaumwa kiasi gani. Anauliza unaumwa wapi.

Sisi wachungaji tunauliza sana lile swali la kwanza. Mama anakuja ofisini amechoka mpaka machozi yanamtoka, tunampima uchungu wake, tunamsomea zaburi, tunamwombea, tunamwambia Bwana anampenda. Yote ni kweli. Lakini hatumuulizi panapouma. Tungeuliza, tungesikia kwamba anafundisha watoto Jumapili asubuhi, anaimba kwaya, ni mhazini wa umoja wa wanawake, na kila mgeni wa usharika hulala kwake kwa kuwa nyumba yake ina choo kizuri. Imani yake haina tatizo lolote. Siti yake ndiyo iliyopandishwa mno, na kila kikao kinaipandisha kidogo zaidi kwa sababu yeye hasemi hapana.

Musa aliyapata haya haya. Kutoka sura ya 18 inamwonyesha ameketi kutoka asubuhi mpaka jioni, watu wamemzunguka, kila mwenye kesi anamngoja yeye. Aliyezungumza na Mungu katika kijiti kiwakacho moto hakuliona tatizo lake mwenyewe. Aliyeliona ni baba mkwe wake Yethro, mgeni, kuhani wa Midiani, aliyesimama pembeni siku moja akatazama. Yethro hakumwambia mkwewe aongeze maombi. Alimwambia achague watu waaminifu, awaweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, kesi ndogo ziishie kwao. Ushauri wake ni wa spana kabisa, na Mungu hakuona aibu kuuweka katika Torati. Hakuna mpandaji anayekiona kiuno chake mwenyewe. Anahitaji mtu wa kumtazama akiwa mwendoni, na mtu huyo mara nyingi si wa kwetu.

Baada ya urefu, fundi alilegeza nati za chini ya siti akaisogeza mbele kidogo kwenye reli zake. Alifunga nati kwenye uzi, akauning'iniza kutoka kwenye goti la mwinjilisti pedali zikiwa sawa mbele na nyuma, na uzi ukaangukia kwenye ekseli ya pedali. Mwashi angeutambua: ni timazi. Hapo sina somo la kiroho. Ni goti tu.

Pua ya siti ni habari nyingine, na nitasema wazi ingawa hii ni karatasi ya kanisa. Siti ikiinua pua juu, inakandamiza sehemu za siri, pale penye mishipa ya damu na ya fahamu. Mtu anaanza kufa ganzi. Anashuka, anatembea kidogo, ganzi inakwisha, anapanda tena. Wanaume wengi hawasemi kwa aibu, na wengine wamefikia kuona ndiyo hali ya kawaida ya baiskeli. Si kawaida. Siti inapaswa kulala sawa; weka ubao au kitabu kigumu juu yake utaona mara moja. Ukiwa safarini, inuka kidogo juu ya pedali mara kwa mara damu ipite. Ganzi ikiendelea hata baada ya kurekebisha, badilisha siti, na ikizidi nenda kwa daktari.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana kuna msomaji ambaye tayari ananijibu moyoni: Mchungaji, kwani wokovu hauna maumivu? Unayo. Na baiskeli iliyowekwa vizuri inayo pia. Ukianza kupanda, hata kama kila nati iko mahali pake, ile mifupa miwili ya makalio tunayokalia itauma siku za mwanzo. Nyama iliyo juu yake haijazoea kubeba uzito hapo. Ukipanda safari fupi fupi kila siku, baada ya wiki mbili hivi maumivu yanapungua yenyewe. Hayo ni maumivu ya mtu anayekuwa mpandaji. Usiyakimbie, wala usibadilishe siti kila jioni kwa sababu yake. Ndiyo maumivu ya anayejifunza kufunga, ya anayeamka alfajiri kuomba, ya kijana anayeacha pombe. Yanauma, na kesho yanauma pungufu.

Ganzi haina tabia hiyo. Goti linalouma leo na kesho linauma zaidi halina tabia hiyo. Maumivu yanayoongezeka kadiri unavyokuwa mwaminifu si mazoezi, ni taarifa. Na ganzi ni mbaya kuliko maumivu, kwa kuwa anayeumwa bado anajua ana mguu. Nimewaona watumishi waliokufa ganzi: wanazika bila kuhuzunika, wanabatiza bila kufurahi, wanashika ratiba tu. Watu huwasifu kwamba wamekomaa. Msalaba wa Bwana haukumfanya kuwa ganzi. Alilia kaburini kwa Lazaro, alitokwa na jasho Gethsemane, na pale juu alisema ana kiu. Zaidi ya hapo, msalaba ule aliuchukua kwa ajili ya wengine na kwa hiari yake. Mwinjilisti wetu hakuna aliyekuwa anaokolewa kwa kuchubuka kwake. Mitaa yake ilikuwa inapata mhubiri anayefika amechoka na kuondoka mapema.

Wapo wanaokwenda upande wa pili. Wakiumia kidogo, wanakimbilia kununua siti pana yenye sponji nene, laini kama mto wa kitandani. Ukiibonyeza kwa dole gumba dukani unaipenda. Ukikaa dakika tano unaipenda zaidi. Lakini sponji nene inabonyea, mifupa inazama ndani yake, na nyama laini zilizo katikati ndizo zinazobaki zimebeba mzigo ambao hazikuumbiwa kuubeba. Kwa safari ndefu, siti ngumu kiasi yenye upana wa mifupa yako inastahimilika kuliko mto. Wazee waliopanda Raleigh wanazikumbuka siti zile za ngozi zenye springi, ngumu kama ubao siku ya kwanza, ambazo baada ya miezi ziliingia umbo la mwenyewe mpaka akazikatalia hata kwa ndugu yake. Asili ya siti za namna hiyo ni Birmingham, Uingereza, kwa John Boultbee Brooks, aliyefungua kazi yake ya ngozi mwaka 1866 na kusajili hati ya ubunifu wa siti mwaka 1882. Kampuni yake husimulia kwamba farasi wake alikufa, akaazima baiskeli, akaumia, akaamua kutengeneza siti iliyo bora.

Injili ya mafanikio ni siti ya sponji. Kumwambia mtu kwamba akimwamini Mungu hataguswa na jambo lolote gumu ni kumpa ulaini wa dakika tano za dukani. Safari ikifika mbali, anaumia mahali pabaya zaidi, tena hajui kwa nini.

Kuhusu upana: mifupa ile ya kukalia haiko sawa kwa wote, na kwa kawaida wanawake huwa nayo mbali zaidi kuliko wanaume. Siti nyembamba inayomfaa baba inaweza kumwacha mama akikalia nyama badala ya mfupa. Hii ni anatomia, nami ningeishia hapo kama nisingekuwa nimehudhuria vikao vya usharika. Vikao vingi vinapangwa saa kumi jioni, saa ambayo mama yuko kisimani au anawasha moto. Halafu mwenyekiti anauliza kwa masikitiko kwa nini akina mama hawachangii mawazo. Kikao kimepimwa kwa mifupa ya nani?

Kuna pia wale ambao siti haitakaa sawa kamwe. Mbelgiji Eddy Merckx, ambaye wengi humhesabu kuwa mwendesha baiskeli mkuu kuliko wote, alianguka vibaya Septemba 1969 katika uwanja wa mbio za baiskeli wa Blois, Ufaransa. Fernand Wambst, aliyekuwa akiendesha pikipiki ya kumwongoza, alikufa katika ajali hiyo. Merckx aliumia kichwa na uti wa mgongo, na nyonga yake ilihama. Baada ya hapo alishinda Tour de France mara nne zaidi, 1970, 1971, 1972 na 1974, lakini alisema hakuwahi tena kupanda bila maumivu. Alijulikana kwa kuchezea urefu wa siti yake daima, hata mbio zikiwa zinaendelea, anapandisha, anashusha, anatafuta mahali ambapo nyonga ile ingetulia. Hakupapata.

Nawafikiria waumini wa namna hiyo. Mjane, aliyezaliwa na ulemavu, aliyefanyiwa jambo utotoni ambalo halifutiki. Kwao sitasema kwamba spana itamaliza yote. Nitasema tu kwamba kurekebisha kwao si kukosa imani. Mtu wa namna hii akihama kiti kanisani, akiomba apumzishwe kwaya mwaka mmoja, akija wiki hii na kukosa wiki ijayo, tusimwandike kuwa hana msimamo. Anaitafuta nafuu, na ana haki ya kuitafuta mpaka Bwana atakapomfanya upya mwili na roho.

Fundi alimpa mwinjilisti maagizo kabla hajaondoka. Kwanza, alikwaruza mstari mdogo kwenye bomba pale siti ilipofikia, ili ikishuka yenyewe njiani ajue pa kuirudishia. Pili, alimkataza kubadilisha mambo mawili kwa siku moja. Ukishusha siti, ukaisogeza mbele, ukainamisha na pua asubuhi moja, jioni ukiumwa hutajua ni lipi. Sogeza kitu kimoja, kwa unene wa punje ya mahindi, panda siku kadhaa, kisha amua. Waliookoka jana na wanataka kubadilisha ndoa, kazi, marafiki na mavazi kabla ya Jumapili ijayo wangefaidika kukaa naye nusu saa.

Tatu, alimwonyesha alama zilizochongwa na kiwanda chini ya bomba. Zinapaswa kubaki zimezama ndani ya fremu. Mrefu anayepandisha siti mpaka alama zikaonekana nje anaweza kuvunja bomba au kupasua fremu, tena katikati ya barabara. Uhuru wa kurekebisha una mpaka, na mpaka huo hakuuweka mpandaji. Amri za Mungu sizihesabu miongoni mwa vitu vinavyolegezwa kwa spana. Ninazozungumzia ni zile nati ambazo sisi wenyewe tulizikaza, kisha tukasahau kwamba ni sisi.

Mitume walikuwa na kikao cha namna hiyo Yerusalemu, Matendo ya Mitume sura ya 15. Walikuwepo waliotaka watu wa Mataifa wapande kwa urefu ule ule wa siti waliozoea wao. Petro akasimama akauliza kwa nini wawatwike wanafunzi nira ambayo baba zao wala wao wenyewe hawakuweza kuichukua. Kikao kilimalizika kwa barua fupi na mambo machache ya lazima. Natamani mihtasari ya vikao vyetu ingefanana na barua ile.

Basi wazee wa kanisa, kabla ya Pasaka nawaombeni jambo moja, na halihitaji harambee. Mwiteni mwinjilisti wenu aje na baiskeli yake. Mwambieni aipande mbele yenu, aende mpaka kwenye lango na kurudi, nanyi mtazame kiuno na magoti. Mkiisha, mketisheni kivulini, mmuulize panapouma, mahali pengine pote pia, nyumbani, kwenye posho, kwenye idadi ya mitaa anayoihudumia. Mwambieni wazi, kwa kinywa cha mwenyekiti, kwamba ameruhusiwa kurekebisha. Na mumnunulie spana namba 14 iwe yake.